Sista Vumbi na Picha Kumi na Tisa

Alizaliwa mwaka 1958, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na kiwanda cha saruji. Alikuwa mtoto mkimya, mkaidi kwa upole, asiyekubali jibu mpaka aone limetoka wapi. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliwaambia wazazi wake kwamba anataka utawa. Baba yake, ambaye alishamtafutia kazi ya ukarani, alinuna mwezi mzima, mama yake alimfungia nguo akasema tu, “Nenda, mwanangu. Ila usiwe mtawa wa kuinamisha kichwa kwa kila mtu.” Shirika letu lilimpokea, likamsomesha fizikia ili afundishe shule ya wasichana, naye akafaulu kiasi kwamba Chuo Kikuu kilimwomba abaki katika maabara yake. Huko ndiko alikobandikwa jina la Sista Vumbi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chombo cha kioo kilinyonywa hewa, ikaachwa gesi kidogo tu, kisha umeme ukaiwasha gesi ile ikang’aa zambarau. Hiyo ndiyo plazma. Chembe za vumbi zilizodondoshwa humo zilibeba chaji, zikaelea bila kuanguka, zikawa zinatiririka kama uji mzito. Mwale wa leza ulisukuma tabaka moja liteleze ubavuni mwa jingine, na Sista alitaka kujua ni kwa kasi gani mpaka wa matabaka hayo huanza kujikunja mawimbi na kuvurugika. Mnato, yaani uzito ule wa uji unaokataa kutiririka, ndio unaochelewesha vurugu. Mwaka 1999 yeye na mkuu wa maabara waliandika kwamba mnato wa vumbi haubadiliki hata ukisukumwa vipi, na kwa hiyo mtiririko hubaki mtulivu mpaka kasi iwe kubwa sana. Makala ilisifiwa kila mahali. Lakini kati ya majaribio sabini na mawili, kila moja na picha yake, kumi na tisa yalikuwa yameonyesha mawimbi mapema mno. “Huo ni uchafu wa chombo, Sista,” mkuu alimwambia. “Zitoe hizo picha.” Alizitoa. Alikuwa na shaka, akaimeza.

Shaka ile ilimkaa kooni miaka kumi. Mwaka 2009 alisikia mkutanoni, katika mazungumzo ya chai, habari za binti mmoja aliyefelishwa shahada ya uzamivu katika chuo kingine. Binti huyo aliyaona mawimbi ya mapema, akadai mnato hupungua pale matabaka yanapokwaruzana kwa nguvu. Watahini walimwekea mezani makala ya Sista, wakamwambia hajui kupima. Sista aliweka kikombe chini, akarudi nyumbani bila kuaga.

Aliamua kurudia yote. Alihitaji chombo kipya, na fundi wa vioo, mzee aliyekuwa akitetemeka mikono tangu augue, alikuwa ameshaacha kazi. “Mikono imenisaliti, Sista,” alisema. Sista aliishika yote miwili, akasali kimya, akamwambia ajaribu. Fundi alipuliza kioo kile siku nzima bila kutikisika, na ameapa mbele ya mashahidi kwamba mtetemeko haukumrudia tena. Hayo ndiyo maajabu ya kwanza yanayohesabiwa kwake, nayo yalimletea msiba: ndani ya chombo hicho mawimbi yalijikunja mapema, jaribio baada ya jaribio. Binti alikuwa amesema kweli.

Mwaka 2010 alimpelekea mkuu tangazo la kukiri kosa, aliweke sahihi. Mkuu alilisoma amesimama.

“Unataka kuniumbua, Sista?”

“Nataka tumrudishie binti wa watu haki yake.”

“Basi utaondoka wewe.”

Alilichapisha peke yake. Siku tisa baadaye alifungiwa mlango wa maabara. Mkuu aliandikia shirika kwamba mtawa huyu amechanganyikiwa, na shirika letu, lililotegemea Chuo kwa mengi, lilimwamini. Mama Mkuu wa wakati ule alimwagiza anyamaze na kumpeleka chumba cha kufulia. Alitii. Alifua mashuka yetu miaka saba, vidole vikapasuka kwa sabuni, nasi tulipita mlangoni tukimtania kwamba sasa vumbi amelipatia dawa. Alicheka nasi. Hatukumuuliza lolote.

Kabla ya kunyamazishwa alikuwa amemwandikia yule binti barua ya toba. Jibu lilikuwa mistari miwili: “Asante, Sista. Umechelewa miaka, niliacha zamani, sasa nauza miwani.” Karatasi hiyo ilikutwa katika kitabu chake cha sala alipofariki kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 2017. Mwaka uliofuata mkuu wa maabara alitunukiwa nishani kwa kugundua kwamba mnato wa vumbi hupungua. Jina la Sista halikutajwa.

Sasa yameanza kusimuliwa mengine: mjane aliyepona macho, mtoto aliyeamka kutoka homa. Tume ya kuchunguza utakatifu wake imeundwa, na shirika linachangamkia. Muuza miwani aliitwa kutoa ushahidi, akaja na mkoba wake wa kazi, akaketi. Mama Mkuu wa sasa alimuuliza kama amemsamehe marehemu.

“Yeye nilimsamehe siku ile ile nilipoisoma barua yake,” akajibu. “Ninyi mliomfungia chumbani ndio sijasikia mkiomba.”

Alisaini karatasi, akaenda zake.

Enyi waamini, mkitaka kumwiga mtumishi huyu wa Mungu, msianze na miujiza yake. Mwigeni katika neno moja gumu, “nilikosea,” na mlitamke mapema kuliko yeye, yule mliyemkosea akiwa bado ana la kuokoa. Sisi tulioandika maisha haya bado hatujalitamka.