Sifuri Nne za Mama

Kwa miaka mitatu mama yangu amesali juu ya kiti cha plastiki. Goti lake la kulia limelika ndani, kusujudu hawezi. Ukimuuliza anataka nini, atasema hataki kitu, ila angependa kabla hajafa paji lake la uso liguse mkeka tena. Ndiyo maana nilimtoa kwake Kwedizinga, tukapanda gari Kabuku, nikamleta Korogwe ninakoishi, wiki ile alipokuja daktari bingwa wa maumivu.

Daktari alikuwa kijana, mwenye shikamoo safi. Alitueleza kwamba goti lina mishipa midogo ya fahamu inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Yeye huingiza sindano hadi kwenye mshipa, akiongozwa na mashine ya picha, kisha ncha ya sindano hupashwa moto mpaka mshipa uungue. Goti hubaki limelika vilevile, ila habari haziendi. Nafuu inaweza kukaa miezi kadhaa, pengine mwaka, maana mishipa huota tena.

"Kwa hiyo ugonjwa unabaki, ila unafungwa mdomo," nikasema.

"Unaweza kusema hivyo," akajibu kwa upole.

Upole ule ukanitia wasiwasi zaidi. Nilisoma chuo kikuu, na shahada yangu ilinifundisha kutilia shaka kila kitu isipokuwa maoni yangu mwenyewe.

Akasema siku hiyo haunguzi. Angechoma ganzi tu kwenye mishipa ileile, ganzi ya saa chache. Maumivu yakipungua sana, atajua amepata mishipa yenyewe, ataunguza Ijumaa. Yasipopungua, haunguzi, kwa sababu atakuwa anamuumiza mama bure. Akanipa fomu: kila saa niandike namba, sifuri hadi kumi. Alisema na jambo jingine, lakini wakati huo nilikuwa natunga swali langu linalofuata.

"Sasa hivi maumivu yako ni ngapi, mama?" akauliza.

"Sijambo, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

"Kwa namba, mama."

Mama akanigeukia. "Andika unayoona inafaa."

Nikaandika nane. Mama akachomwa sindano, na saa nne asubuhi tulikuwa nyumbani.

Kwetu mtu aliyechomwa sindano hafanyi kitu. Mke wangu alimketisha mama kwenye kochi, mguu juu ya stuli. Majirani wakaja kumpa pole, mmoja na uji. Saa tano nikamuuliza.

"Sijambo," akasema.

"Namba, mama."

"Ile ndogo."

Sifuri. Saa sita, sifuri. Saa saba, sifuri, akaomba aletewe kiti asali adhuhuri. Saa nane, sifuri.

Niliitazama fomu ile, nikaanza kumshuku mama yangu mzazi. Mwenye sifuri anaombaje kiti? Ninamjua. Mgonjwa wa kwetu, hata akiwa hoi kitandani, akijuliwa hali hujibu hajambo, kisha ndipo aeleze kwamba hajapata usingizi siku tatu. Fomu haikuwa na nafasi ya sehemu ya pili.

"Mama, niambie kweli. Goti haliumi?"

"Yule kijana wa watu katoka mbali, kanisalimia vizuri, kanishika mguu kwa adabu. Unataka nimwambie nini?"

Basi. Ijumaa wangemuunguza mama kwa sababu ya adabu.

Nilitoka nje nikiwa na fomu mkononi. Kibarazani alikuwepo jirani yangu, mfugaji kutoka nyanda za Handeni anayenunua ng'ombe minadani. Nilimweleza habari yote. Akapandisha shuka, akanionyesha makovu matatu ya duara kandoni mwa goti.

"Baba yangu alinichoma kwa chuma. Nilikuwa kijana, goti limevimba."

"Lilipona?"

"Hilo sikumbuki. Nakumbuka moto."

Halikunisaidia hilo. Nikamuuliza yeye hujuaje kama ng'ombe anaumwa mguu.

"Ng'ombe haulizwi. Muuzaji naye haulizwi. Ng'ombe anatembezwa kwenye mteremko, unamwangalia kwato. Mama yako katembea?"

Nikashusha macho kwenye fomu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na lile jambo ambalo sikulisikiliza: mgonjwa afanye yale yanayomuumiza kila siku, kisha ndipo aulizwe. Sisi tulikuwa tumempumzisha saa nne nzima. Goti lililopumzika hata mimi lingenipa sifuri.

Nyuma ya nyumba yetu kuna mteremko unaoshuka hadi bombani. Tangu afike, mama alikuwa akiushuka kinyumenyume, ameshika ukuta.

"Yeyo, simama tutembee," jirani akamwambia, kwa neno la heshima analomwitia mama yake mwenyewe.

"Nyie! Mnanitembeza kama ng'ombe wa mnadani?"

"Ng'ombe angeshasimama," jirani akasema.

Mama akacheka, akasimama. Nilimfuata nyuma nikiutazama ule mguu kama mnunuzi anayehofia kupunjwa. Alishuka uso mbele. Katikati ya mteremko akauachia ukuta. Alipofika bombani akageuka, akapanda. Nilingoja asimame apumue, kama anavyofanya siku zote. Hakusimama.

"Ngapi, mama?"

"Niache kwanza."

Alasiri ilipofika hakuomba kiti. Alitandika mkeka mwenyewe. Mimi nilibaki mlangoni, jambo lisilo la adabu, kwa sababu hata hapo nilikuwa sijaamini. Alishuka polepole, mkono ukitangulia, kisha goti la kushoto, kisha la kulia. Paji likagusa mkeka. Alikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhofu amekwama. Hakuwa amekwama.

Nikakata zile sifuri nne, nikaanza upya: saa kumi, mbili. Namba hiyo alinipa mwenyewe. Saa kumi na moja akasema tatu, na jua lilipozama nikamkuta ameshika goti kwa mikono miwili.

"Hujambo, mama?"

"Linauma," akasema. Hakuanza na sijambo.

"Ngapi?"

"Nane. Mwambie yule kijana nimesema nane, na mchana nilisema mbili. Ijumaa aje na moto wake."

Niliandika nane kwa furaha ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo mama yake akiumwa. Halafu nikakichukua kile kiti cha plastiki kukirudisha uani.

"Kiache hapo," mama akasema. "Si alisema mishipa huota tena?"