Wacheza Baleti wa Sebule ya Sitti

Nilikuwa nimemaliza mwaka mmoja Riyadh, nikipika na kulea watoto wa madam, siku aliponiambia nifungashe nguo zangu. Mama yake, aliyekuwa akiishi Jeddah, alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga. Sasa ametoka hospitali na anahitaji mtu wa kushinda naye. Nilipanda ndege nikiwa na hofu. Madam nilishamzoea, nilijua anapenda nini na hataki nini. Kuhusu mama yake sikujua chochote.

Nyumba ilikuwa mtaa wa Al-Baghdadiyah, juu ya duka la vitambaa. Kila mtu alimwita yule mama sitti, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi na mkavu, macho yake yakififia nyuma ya miwani minene. Alitembea akishikilia kigari cha chuma cha kujikongojea, hatua kumi kwenda na kumi kurudi, kama daktari alivyomwagiza, na hakukubali nimshike mkono hata siku moja.

Mazoezi hayo aliyafanyia katika sebule ya wanawake, na humo ukutani mlitundikwa picha kumi na mbili za vibonzo. Siku ya pili, nikizipangusa vumbi, nilicheka kwa sauti bila kutaka. Mwanamume mmoja alikuwa amechorwa mapaja mazito kama magunia mawili, juu yake kichwa kidogo kama cha paka aliyeshiba, na miguu yake haikugusa chini. Pembeni yake kulikuwa na mwanamke ambaye alikuwa shingo tupu, shingo iliyopanda mpaka kwenye fremu, na macho makubwa yaliyofumbwa nusu.

Sitti akaniuliza ni ipi inayonichekesha. Kiarabu changu wakati huo kilikuwa cha jikoni: leta, osha, yalla ya kuharakishwa, halas ya kuambiwa basi. Neno la paja sikuwa nalo. Nikaweka kitambaa chini, nikasimama kwa ncha za vidole, nikatanua mikono na kuruka. Akaitambua papo hapo. Akanieleza, polepole ili nimwelewe, kwamba hao walikuwa wacheza baleti wa Urusi waliocheza Paris miaka mia moja hivi iliyopita. Marehemu mumewe alizinunua picha zao kwa muuza vitabu vikuukuu alipokuwa akisomea udaktari huko. Yule mwanamume, alisema, alikuwa akiruka juu mpaka watu wanadhani amesahau kushuka.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Kila akimaliza hatua zake, alikaa kitini na kunitaka nimwigizie picha moja, kwa kuwa yeye hakuziona vizuri tena. Siku nyingine nilikuwa mwembamba mmoja aliyechorwa pua na manyoya tu. Nilikuwa mwalimu wa dansi, bibi aliyejikunja kama ndoana na fimbo mkononi. Siku moja nilimuuliza kwa nini mchoraji aliwachukia watu hawa hivyo. Sitti akasema mtu unayemchukia humtazami muda mrefu kiasi hicho. Mumewe alikuwa amemweleza kwamba mchoraji huyo alikaa viti vya mbele onyesho baada ya onyesho, mkono ukichora gizani bila yeye kutazama karatasi, na wacheza dansi wenyewe walikuwa wakimwomba awachore.

Nilikwenda kukaanga vitunguu nikiwa na maneno hayo kichwani. Nilipokuwa darasa la saba nilimchora mwalimu mkuu ubaoni, tumbo lake nikalifanya ngoma, nikachapwa mbele ya shule nzima. Tangu hapo sikuchora mtu tena. Wiki ile nikaanza, kwenye upande wa ndani wa karatasi za maboksi matupu ya dawa za sitti, kwa penseli ya kuandikia vitu vya sokoni. Nilimchora mwenye duka la vitambaa, nikamchora muuguzi aliyekuja kumpima presha. Mwisho nilimchora sitti mwenyewe.

Nilimweka kwenye kigari chake, amenyooka kama mcheza baleti aliyeshika mti wa mazoezi. Mwili niliufanya mdogo kama wa mtoto, miwani kama sahani mbili. Mikono niliifanya mikubwa kuliko vyote, vifundo vyake kama tangawizi. Nikaisahau picha hiyo juu ya friji.

Mwanawe wa kiume alikuja kila Ijumaa kumsalimia. Ijumaa hiyo aliingia jikoni kutafuta maji akatoka na karatasi. Aliniuliza nani amechora. Nikasema ni mimi. Akauliza kama huyu ni mama yake. Nilifikiria kukana, maana neno lake moja kwa dada yake wa Riyadh lingetosha kunirudisha nyumbani. Lakini picha ilikuwa imefanana naye mno, na hilo nilikuwa nalijua.

"Ndiyo, baba," nikamjibu. "Ni sitti."

Akampelekea mama yake picha hiyo sebuleni, nami nikafuata nyuma. Sitti akachukua kioo chake cha kukuzia, akaipitia picha kutoka juu hadi chini, kipande kwa kipande.

"Mbona mikono yangu umeifanya mikubwa hivi?"

"Kwa sababu ndiyo inayokunyanyua kila siku," nilisema. "Mimi hukubali nikunyanyue."

Mwanawe akageuza uso dirishani. Sitti akaendelea kutazama, kisha akanirudishia karatasi.

"Andika jina lako hapo chini," alisema. "Hawa wa ukutani wote wana jina la aliyewachora."

Niliandika jina langu lote, la ubatizo na la baba, kwa herufi kubwa. Wiki iliyofuata mwanawe alirudi na picha hiyo ndani ya fremu nyeusi kama za wengine, akaitundika mwenyewe mwisho wa safu. Madam alipokuja kutoka Riyadh kumwona mama yake, alisimama mbele ya picha hiyo akasoma jina lililoandikwa chini. Kwake nilikuwa nimejulikana kama shaghala, mfanyakazi, basi. Jioni hiyo nilimsikia akiwaambia wageni wake, kwa jina langu kamili, kwamba aliyechora yumo humu ndani, naye akaniita niwasalimie.

Sitti alinipa pia mapumziko ya Ijumaa mchana. Nilikuwa nakwenda mtaa wa Al-Mahjar, kwenye chumba walichokodi Wakenya wenzangu, na huko nikawa nachora. Mmoja wao, mpishi kutoka Kericho, mwanamke mpole asiyependa kupigwa picha, alinikalia nusu saa. Nilimchora mgongo mpana kama mlango, ameinamia sufuria, shingo imezama mabegani. Wenzetu walicheka, yeye akaikunja akaituma nyumbani kwao. Baada ya mwezi mmoja mama yake alimpigia simu. Alisema ameiweka sebuleni, na kila mgeni anayeingia anaambiwa: huyu ndiye binti yangu, hivi ndivyo anavyofanya kazi.