Somo la Makopo Lilivyogeuka Elimu

Ridhwan ana ndevu zimemjaa kidevu, lakini asubuhi ile alikaa chini, akakunja miguu, akahesabu vifuniko vya soda kama mtoto wa darasa la kwanza. Na hakucheka.

Hapo nikajua chuo chetu cha ualimu na ushoni, hapa mtaani Ng'ambo, kimepatwa na kitu.

Maana mwezi mmoja nyuma, somo hilo la zana za kufundishia tulikuwa tukiliita somo la makopo. Mmoja anafundisha kwa makopo na vifuniko, wengine tunajifanya watoto. Ridhwan hachelewi kunyoosha kidole: "Mwalimu, naomba nikakojoe." Anatoka, harudi.

Bi Sichana, mwalimu wetu, anamtazama tu.

Mimi Tabia nshakata tamaa. Mafunzo hayana ithibati, yaani muhuri wa wakaguzi, cheti chake nani atakipokea? Nimpelekee mama karatasi ya kufungia karanga? Nikapanga kuacha, nikauze madera Darajani na shangazi.

Kisha mkuu wa chuo akatangaza: "Chuo chetu kimepata ithibati."

Lo, watu walibadilika. Viti havitoshi. Makopo yaleyale, Bi Sichana yuleyule, sasa tunaambiana, "Mafunzo yetu yana kina." Kina hicho kilikuwa kimejificha wapi, sijui. Hata mimi nikamwambia shangazi atafute mtu mwingine.

Tukasoma kama wendawazimu. Nikaenda kufundisha hesabu za kutoa kwa vifuniko, skuli moja pale Amani, na watoto wakaelewa. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Siku moja Bi Khairat, mwalimu wa ushoni, akaingia na sahani ya halua.

"Karibuni jamani. Ithibati hii imetutoa jasho sisi wa ushoni. Na nyinyi wa ualimu, wakaguzi wenu wanakuja lini?"

Ridhwan akarudisha kipande chake sahanini.

"Bi Sichana," nikasema, "ulikuwa ukijua kuwa ithibati ni ya ushoni tu?"

"Nnajua tokea mwanzo."

"Na ukanyamaza?"

"Mwaka mzima nakwambieni somo hili lina maana, hamnisikii. Mmekuja kunisikia kwa ajili ya cherehani. Ningekukatizeni ya nini?"

Kesho yake nusu ya darasa hawakuja. Mimi nilikwenda, na roho inaniuma, maana cheti bado sijui nani atakipokea. Lakini watoto wa Amani walielewa bila ya kumngoja mkaguzi.

Basi wewe unayesoma kwa ajili ya muhuri, kwanza hakikisha muhuri wenyewe ni wako.

Ridhwan naye alikuja. Akanyoosha kidole: "Mwalimu, naomba nikakojoe."

Akatoka. Sote tukautazama mlango.

Akarudi.