Bangili Niliyoivua Langoni

Mimi niliajiriwa kupika maharage, si kulea. Ila mwalimu wa darasa la wasioona pale shule ya Balaka aliniona siku moja nikimshikisha Tionge mwiko, akaniambia, "Mama Ndaziona, jiko waachie wenzako." Ndiyo hivyo. Miaka minane nikawa nazungumza kwa vidole na mtoto asiyesikia wala kuona, anayelishwa uji kwa mpira wa tumboni, na kifafa juu.

Kunijua, alinijua kwa bangili yangu ya shaba. Akiigusa tu, anacheka mpaka mate yanamtoka. Uji ukimalizika nampangusa kiganja mara mbili: kwisha. Neno hilo lilimchukua miezi saba. Siku aliponipangusa yeye, nililia kama mjinga.

Alipofika miaka kumi na mitatu wakasema umri umezidi, ahamie shule ya bweni Kasungu. Mimi je? Hapana, kule wana mtu wao.

"Nipeni hata wiki moja nimkabidhi vizuri," nikamwambia mwalimu mkuu.

"Andika kwenye daftari, mama. Watasoma."

"Huyu anasomwa kwa vidole, mzee, si kwa daftari!"

"Punguza jazba."

Jazba! Ningemtia mwiko wa kichwa.

Mama yake Tionge akaja na lake: "Huyo binti atakayemlea kule Kasungu mpe bangili yako, dada, mwanangu asijione mgeni." Nikaona ni akili kubwa. Tulipompeleka, nikaivua langoni kwa mkono wangu mwenyewe, nikamvisha yule binti. Mungu anisamehe.

Tionge akaigusa, akacheka. Kisha vidole vikapanda hadi kwenye kiwiko, vikitafuta kovu langu la mafuta ya moto. Hakulikuta. Sisi tukaambiwa gari linaondoka.

Binti alikaa wiki tatu, akaacha kazi, akaondoka na bangili. Tangu hapo Tionge hakumpa mtu mkono, wakimgusa, anauma. Hata kumlisha ni mpaka wamshike watu wawili. Wakanipigia simu: "Njoo, labda wewe."

Nilimkuta amebaki mifupa. Nikampa mkono. Akatafuta bangili, hakuna. Akapanda hadi kwenye kovu, akalipapasa muda mrefu. Alinijua, naapa alinijua, ila hakucheka. Akanikunjua kiganja, akakipangusa mara mbili, akaficha mikono yake kwapani.