Albamu ya Mjukuu Wangu na Kicheko cha Kwenye Tivii

Huo ulikuwa mwaka ambao sukari ilipotea madukani, Vingunguti nzima ikanywa chai na tende. Asiye na tende alitia chumvi. Maandazi yaliuzwa hivyo hivyo, hayana ladha yoyote, unatafuna kama unatafuna ndala, na muuzaji anakukazia macho uthubutu kusema kitu. Uji wa wagonjwa tulitia ndimu. Ukiniuliza mjukuu wangu alitoa albamu lini, mie tarehe sishiki. Nitakwambia ni mwaka wa chai ya chumvi, na mtaa wetu wote utanielewa.

Mjukuu huyo nimemlea mwenyewe tangu anatambaa. Ni muigizaji. Kwenye tamthilia yeye ndiye mkwe mbaya, anayemtilia mama mkwe kitu kwenye uji, kisha anaegemea mlango wa jikoni na kucheka. Kicheko chenyewe kinaanzia chini kama pikipiki isiyotaka kuwaka, halafu kinapanda, kinapanda, mpaka mbwa wa jirani wanaitikia. Kile kicheko kilituletea jokofu. Kilituletea na balaa, maana tangu siku mama mkwe alipozikwa kwenye tivii, mtaani hakuna aliyekula kitu kilichotoka mkononi mwa mjukuu wangu. Alipeleka wali msibani, wakaupokea kwa heshima zote, wakaenda kuwamwagia kuku kwanza. Kuku wakala, wakaendelea kudonoadonoa. Mama mmoja akawatazama weee, akasema, "Ni sumu ya polepole hiyo."

Siku moja tukasikia mwenye duka la pale kona ameficha sukari chini ya magunia ya mchele. Tukaenda mimi na mjukuu wangu. Mwenye duka alipomwona, akaacha kupima.

"Sista, cheka kidogo tu, nikupimie nusu kilo."

"Pima, kaka, bibi anasubiri chai."

"Kile cha jikoni, sista. Hata nusu yake."

Mjukuu wangu akasema, "Sicheki. Anayetaka kicheko akawashe tivii."

Tukarudi na mfuko mtupu. Njia nzima nilimsema. Nikamwambia mdomo ni wako lakini chai ni yangu, na kucheka hakuna aliyewahi kufa nako. Tulipofika uani akakaa juu ya ndoo, ndipo akaniambia.

"Bibi, yule mwanamke wa kwenye tivii ananimaliza. Nikifungua mdomo, watu wanamsubiri yeye. Sasa natengeneza albamu, nyimbo nimetunga mwenyewe. Nataka watu wa hapa, walioniona nacheza rede na kamasi puani, wanisikie mie. Hawa wasiponisikia, huko mbali nitasikiwa na nani?"

Nikainywa chai yangu hivyo hivyo.

Albamu ilirekodiwa chumbani kwangu, maana kila studio aliyokwenda kule Kinondoni walimwambia aongeze ngoma, na yeye ngoma hataki. Godoro langu akalisimamisha dirishani ili kelele zisiingie, mablanketi akayatundika ukutani, mie nikalala kwenye mkeka wiki tatu. Jogoo wangu tulimfunika tenga. Akawika. Tukaweka beseni juu ya tenga. Akawika ndani ya beseni, tena ikawa na mwangwi. Tukamla. Walioshindikana ni mbuzi. Nyumba yetu iko njia ya machinjioni, na kila asubuhi mbuzi wanapita wanalia kama wanaojua wanakokwenda. Kwenye wimbo wa tatu wanasikika vizuri kabisa. Nikamwambia awafute.

"Waache, Bibi," akasema. "Sauti yao imekaa pale pale kwenye gitaa."

Nyimbo zenyewe sasa. Mmoja ni wa bati linalovuja. Mmoja ni wa kungoja maji bombani. Mmoja ni wa miguu yangu. Miguu yangu hii, yenye nyufa. Kaiimbia tangu mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama anambembeleza mtoto mwenye homa.

"Ngoma ziko wapi?" nikamuuliza.

"Hakuna ngoma, Bibi. Hii ni pop mbadala."

"Mbadala wa nini?"

"Wa ile waliyoizoea watu."

"Kama dagaa badala ya nyama?"

Akafikiri. "Eeh. Kama dagaa."

"Basi tia pilipili."

Sitadanganya, muziki ule sikuuelewa. Lakini ule wa miguu nilipousikia mara ya kwanza nililia, kisha nikaenda kuipaka mafuta.

Akapanga kuwaimbia watu uani kwetu, Jumapili saa kumi, kabla albamu haijaenda kokote. Tukakodi viti arobaini, spika na maikrofoni. Mie nikapita nyumba kwa nyumba kualika. Kila mlango jibu moja, "Tutaangalia." Kwetu mtu akikwambia tutaangalia, ujue haji. Nikaviona akilini vile viti arobaini vitupu, na mtoto wangu kakaa mbele yake na gitaa kama anayeuza kitu kibovu. Nilipofika mlango wa tano, kwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, mdomo ukaniponyoka.

"Atacheka," nikasema.

Mwenyekiti akaweka chini ungo wake. "Kile cha jikoni?"

"Kile kile. Na mlango atauegemea."

Kufika magharibi wameshachagua sare.

Jumapili viti vikajaa, wengine wakakalia matofali. Walikuja na vitenge vya njano wote, wanaingia mmoja mmoja kama vifaranga. Nikapakua pilau. Hakuna aliyegusa.

"Anza wewe, shoga," mwenyekiti akaniambia.

Nikala.

"Meza."

Nikameza.

"Fungua mdomo tuone."

Nikafungua. Wakasubiri, wananiangalia kama sufuria ya maziwa. "Rudia," akasema mwenyekiti, "safari hii na nyama." Nilimaliza sahani mbili kabla mgeni wa kwanza hajashika kijiko.

Mjukuu wangu akaanza kuimba. Sasa, kwetu muimbaji akikolea, akina mama wanainuka na kumwendea wakicheza, wanamtuza kwa kumfunga khanga kiunoni. Lakini kuinuka kunataka ngoma ya kukuinua. Mwenyekiti alikuwa na doti mpya ya khanga mapajani. Kila wimbo ananyanyuka nusu, anatafuta mdundo, haupati, anakaa. Nyimbo tatu zikapita hivyo. Akaniinamia.

"Shoga, hii spika wanaijaribu mpaka saa ngapi?"

"Ndiyo anaimba."

"Saa hizi?"

"Tangu ulipokaa."

Ndipo sauti ikatoka nyuma, "Kicheko!" Mwingine akadakia, "Kicheko!" Wakaanza kupiga makofi. Mjukuu wangu akatoa mkono kwenye gitaa.

"Nani kawaambia nitacheka?"

Vitenge vya njano vyote vikanigeukia mie.

Niliinama nikajifanya naokota punje za pilau, lakini punje zikaisha. Nikasimama.

"Ni mie. Niliwadanganya. Niliogopa viti vitakaa vitupu. Hacheki leo, anaimba. Anayetaka kuondoka aondoke, sahani aache."

Wakaondoka kama kumi, na sahani wakaenda nazo. Nikamtazama mjukuu wangu nikijua nimemharibia, ataingia ndani afunge mlango. Yeye akasogeza maikrofoni.

"Huu unaofuata ni wa miguu ya bibi yangu," akasema.

Akaimba. Waliobaki wakaitazama miguu yangu. Nikataka kuivuta ndani ya gauni, nikaghairi, nikaiacha waione. Mama mmoja akavua kandambili, akaanza kutazama ya kwake. Mwingine akavua. Hakuna aliyemwita yule wa kwenye tivii. Vingunguti jioni ile ilinyamaza mpaka nikasikia jokofu linanguruma ndani.

Mwenyekiti akainuka, bila ngoma. Alikwenda polepole, hajui atangulize mguu upi, kama mtu anayevuka tope. Akafika, akamfunga mjukuu wangu ile doti mpya kiunoni, na mie kifua kikanijaa mpaka ndoano ya gauni ikaachia. Mwanangu amesikiwa. Ni yeye, si yule mwingine.

Mwenyekiti akamwinamia sikioni kumnong'oneza. Lakini maikrofoni ilikuwa pale pale, ua mzima tukasikia.

"Mwanangu, wale wameshaondoka. Tumebaki sie wenyewe. Hebu cheka kidogo tu."

Mjukuu wangu gitaa hakuliacha. Jibu alilitia humo humo ndani ya wimbo, kwa sauti ile ile laini ya miguu yangu:

"Sicheki. Anayetaka kicheko akawashe tivii."