Kebo Niliyoipata kwa Bei Nzuri

Mimi ni fundi wa mizani za elektroniki hapa Ndosho, na kwa kupatana bei nilidhani hakuna mutu wa kunishinda. Juzi Mama Kavira, muuzaji wa maharagwe, aliniletea mizani yake iliyokuwa ikidanganya kilo. Kuirekebisha kulihitaji kuiunganisha na kompyuta kwa kebo ya USB. Nikachomeka kebo yangu mpya. Kompyuta haikuitambua. Nikabadilisha tundu mara mbili, nikazima, nikawasha, nikaipuliza kama uji wa moto.

"Papa, niipeleke kwa fundi wa Katoyi?" Mama Kavira aliuliza.

"Hapana, mama. Nimeuziwa takataka. Twende wote, utakuwa shahidi wangu."

Kwenye duka nilikoinunua kebo nikapaza sauti ili hata wapita njia wasikie kwamba pale wanaibia watu. Mwenye duka akatoa CD ndogo kwenye droo.

"Muzee, hii ndiyo inafundisha kompyuta kuijua kebo. Siku ya kununua, ulisema wewe haupigi muziki, niitoe, nikupunguzie bei."

Watu wakacheka. Mama Kavira hakucheka.

"Na kwenye mizani yangu, papa, umeshatoa nini?"