Tatu Nurdini, mjane wa Tabora anayezipima fimbo za kuvulia samaki kwa sikio na vidole

Jua la saa mbili asubuhi limeanza kuchoma mabati ya vibanda vya jirani na stesheni ya Tabora. Tatu Nurdini anakaza kibwebwe, anachomoa fimbo moja ya kuvulia samaki kutoka kwenye ndoo, anaipinda taratibu, kisha anaiachia na kutega sikio.

“Imelia kavu,” anamwambia mteja. “Kuna mahali imepasuka ndani. Hii sikuuzii, chukua ile ya kijani.”

Mteja, fundi baiskeli anayevua bwawa la Igombe kila Jumapili, habishi. Anamjua.

Tatu, mwenye miaka 54, hupitisha pamba ndani ya kila pete inayopitisha mshipi, ule uzi wa kuvulia. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utakata mshipi siku samaki mkubwa atakapovuta. Unga mweupe kwenye maungio humwambia kwamba fimbo imekula chumvi ya bahari. Mpini ulivyolika humwambia kama mwenyewe alikuwa wa mkono wa kushoto.

Kazi hii hakuichagua. Mwaka 2011 mumewe alifariki, akamwachia watoto watatu. Akakopa, akanunua robota la mitumba akitarajia nguo za watoto. Alipolikata alikuta makoti mazito na fimbo saba za kuvulia zilizofungwa kwa kamba.

“Nilikaa chini nikalia,” anasema. “Tabora hii, koti la baridi kali nimuuzie nani? Na zile fimbo hata sikujua ni za nini.”

Siku ya tatu akapita Mzee Raymundi Kasanda, mstaafu wa reli anayeishi Kitete. Akasimama, akazishika moja moja, akaketi. Hakuondoka hadi adhuhuri.

“Aliniambia, ‘Mwanangu, hii uza elfu ishirini, hii sitini, hii mpe mtoto achezee.’ Hakutaka hata chai. Mimi Mwislamu, yeye Mkatoliki, hanijui simjui. Nikisema leo nina baba, ni yule.”

Siku hizi mwezi mzuri humwachia faida ya shilingi 250,000. Masika ikikolea hupata 90,000, pengine pungufu. Watoto wote wamemaliza shule.

Siku anayoikumbuka kuliko zote ni ya mwaka jana, alipokuja Consolatha, mkulima wa tumbaku kutoka Usoke. Alikuwa na fimbo ya mwanzi ndani ya mfuko wa kitambaa, urithi wa marehemu baba yake. Mvua ilikuwa imeezua nyumba yake. Mfanyabiashara mmoja alishampa bei ya shilingi elfu kumi, akamwambia hiyo ni fimbo ya kuchungia mbuzi.

“Dada, nipe hata ishirini nipate nauli ya kurudi,” alisema Consolatha.

Tatu akaizungusha kwenye mwanga. Haukuwa mwanzi mmoja. Zilikuwa fito sita nyembamba zilizounganishwa kwa gundi, zikafungwa kwa nyuzi za hariri.

“Ningempa ishirini angeshukuru, na hakuna ambaye angejua,” anakiri. “Nikamkumbuka mzee na zile fimbo saba. Nikamwambia, dada, leo usiuze. Twende Kitete.”

Mzee Raymundi, sasa ana miaka 82, haoni vizuri. Aliwaitikia marahaba, akaipokea fimbo magotini na kuipapasa kutoka mpini kwenda juu. Katikati vidole vyake vikasimama.

“Fundo hili nimelifunga mimi,” alisema. “Ni ya mhandisi mmoja wa reli, mgeni. Iliwahi kuvunjika, mpishi wake akaniletea karakana. Kijana mrefu, mcheshi, akiitwa Festo.”

Consolatha akajishika kifua. Festo alikuwa baba yake. Alimzaa utu uzimani, na Consolatha hakuwahi kukutana na mtu aliyemjua akiwa kijana.

Walikaa hadi alasiri, mzee akisimulia. Festo alipewa fimbo ile kama zawadi mhandisi alipoondoka, akawa anavua nayo kila mapumziko.

Baada ya wiki tano Tatu alimpata mnunuzi wa Arusha anayekusanya fimbo za zamani. Alitoa shilingi 650,000. Consolatha aliezeka nyumba upya, akaubakiza ule mfuko wa kitambaa. Kila mavuno humtumia Tatu gunia la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na nusu yake huenda Kitete.

“Fungu langu nililipata,” anasema Tatu. “Lakini ile alasiri pale kwa mzee, hiyo siwezi kuipangia bei.”

Sasa kila Jumamosi hufunga kibanda mapema na kwenda kwa mzee kujifunza kufunga nyuzi za fimbo, kabla mikono ya mwalimu wake huyo haijachoka. Nyumbani ameweka fimbo moja nyepesi ambayo haiuzi. Mvua zikiisha, anataka kukodi bajaji ampeleke mzee Igombe.

“Nimeuza fimbo miaka yote hii, sijawahi kuvua hata perege mmoja,” anasema, akicheka. “Nataka perege wa kwanza nimvue huku mzee ameketi pembeni yangu.”